Mgodi wa makaa ya mawe na sisi majirani zake: maswali mnayoniuliza kila siku

Toka niwasimulie habari za malori ya makaa simu yangu haipumui. Huyu anauliza fidia, yule anauliza mto, mwingine anataka nimwambie kama mgodi ni mzuri au mbaya, utadhani namtafutia mchumba. Basi nimeamua niyaweke yote sehemu moja ili ukiniuliza tena nikutumie hapa tu, usinune. Mi sio mwanasheria wala injinia. Nilikaa mizani miaka kadhaa napima malori yanayotoka na mzigo, baadae nikaingizwa kwenye kamati ya mazingira ya kijiji, na huko ndo nilijifunza kusoma makaratasi. Naandika nikiwa na Ngaka kichwani ila mengi yanamfaa hata mtu wa Kiwira, wa Ludewa, na wale wa Kitui kule Kenya.

Ngaka ndo wapi, na mgodi ni wa nani?

Wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, kata ya Ruanda (usichanganye na nchi ya Rwanda, kila mwaka kuna mtu anachanganya). Vijiji vinavyotajwa sana ni Ruanda na Ntunduwaro, na lile eneo la kuchimba wanaliita Mbalawala. Kampuni iliyoanza kuchimba mwaka 2011 ni Tancoal, ambayo wakati inaundwa ilikuwa ubia wa NDC, yaani Shirika la Maendeleo la Taifa, asilimia 30, na Intra Energy ya Australia asilimia 70. Hiyo ni hesabu ya mwanzo. Siku hizi ukanda ule una wachimbaji zaidi ya mmoja, kwaiyo mtu akikwambia "mgodi umefanya hivi" muulize kwanza mgodi upi na leseni ya nani. Usidharau hili swali, barua yangu ya kwanza ya malalamiko niliyowahi kuandika maishani ilienda kwa mtu asiyehusika kabisa ikalala mezani kwake miezi mitatu.

Makaa yote hayo yanaenda wapi?

Sehemu kubwa viwanda vya saruji, maana tanuru la saruji linataka moto mkali muda wote. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kuagiza makaa kutoka nje, hapo viwanda vikageukia ya ndani na malori yakaongezeka kama sisimizi. Alafu bei ya dunia ilipopanda, hasa baada ya vita vya Ukraine mwaka 2022, yakaanza kwenda nje kupitia bandari ya Mtwara, ndo maana watu wa Tunduru na Masasi nao wanaona malori ambayo zamani hawakuyajua. Yaani ukitaka kujua athari za mgodi usiishie kwenye geti, fuata barabara mpaka baharini.

"Mgodi unafanya vizuri kimazingira" maana ake nini hasa?

Kwangu mimi maana ake ni namba, na ahadi iliyoandikwa kabla ya eskaveta kushuka kwenye lobedi (lile trela la kubebea mitambo). Kabla ya kuchimba kampuni inatakiwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 ifanye tathmini ya athari kwa mazingira, wengi tunaita TAM, ipeleke NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ipate cheti. Ile ripoti ni kitabu kinene na kurasa za mwanzo ni habari za mvua, ndege na historia ya kabila, zinapendeza ila zitakuchosha. Wee nenda mwisho, kuna jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira: athari hii, tutafanya hiki, ataifanya fulani, kila baada ya muda gani, kwa shilingi ngapi. Hiyo ndo mikataba yenu. Wameandika boza litamwagia barabara mara ngapi kwa siku? Hesabu. Wameandika watapima maji sehemu ngapi za mto? Uliza majibu ya vipimo ya mwaka jana yako wapi.

Sheria hiyohiyo inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa za mazingira, kwaiyo mtu wa geti akikwambia "hiyo ni siri ya kampuni" usibishane nae, hajui, andika barua kupitia serikali ya kijiji na ubaki na nakala yenye mhuri. Nakala yenye mhuri! Nimeona watu wanapeleka barua nzuri hazina hata ushahidi kwamba zilipokelewa.

Na kingine, kampuni kumleta mgeni rasmi apande mti, apigwe picha, akate keki, haimo kwenye hizo namba. Sijasema wasipande. Nasema ukija mwezi wa 9 wakati wa kiangazi nenda ukahesabu mingapi iko hai.

Maji ya mto yamebadilika rangi, ni sumu?

Hili ndo swali namba moja na jibu lake refu kidogo, kaa vizuri.

Rangi ziko za aina tatu na kila moja ina habari yake. Wekundu wa udongo wakati wa masika unaweza kuwa mmomonyoko tu, hata mashamba yetu yanachangia, tuwe wakweli. Weusi ni unga wa makaa wenyewe umesombwa na mvua kutoka kwenye lundo, hapo kuna mtu hajachimba mitaro au bwawa lake la kutulizia tope limejaa na halijazolewa. Rangi ya chungwa, ile kama kutu inayoganda kwenye mawe, hiyo ndo ya kukunyima usingizi.

Iko hivi. Kwenye makaa na miamba inayoyazunguka mara nyingi kuna madini ya chuma na salfa yanaitwa pairaiti, yanang'aa unaweza kudhani dhahabu. Yakiwa chini ya ardhi yamelala zake. Ukiyafukua yakakutana na hewa na maji yanatengeneza asidi ya salfa, ile inayofanana na ya kwenye betri ya gari. Asidi hiyo ikitembea kwenye kifusi inayeyusha chuma, aluminiamu, manganizi, inabeba vyote mpaka mtoni, na inapokutana na maji safi chuma kinaganda, mawe yanakuwa ya chungwa, na wadudu wa chini ya mawe ambao samaki wanakula wanakufa. Kibaya zaidi ni kwamba maji yenye asidi kali yanaweza kuwa maangavu kabisa, mtoto anayaona masafi anakunywa. Na likishaanza haliishi kirahisi, kuna migodi ya makaa Marekani na Uingereza imefungwa miaka mingi na bado maji yanatoka machafu.

Sio kila mgodi unatoa asidi, inategemea mwamba wenyewe una pairaiti kiasi gani na kama una chokaa ya asili ya kuizima. Kwaiyo usitangaze kwenye grupu la WhatsApp kwamba tumetiliwa sumu kabla ya kupima. Vipande vya karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi (namba ikishuka asidi imezidi), vinauzwa maduka ya vifaa vya maabara, hata mwalimu wa kemia wa sekondari ya kata anaweza kuwa navyo. Maji ya mto kwa kawaida yako kati ya 6.5 na 8.5. Ukipata 4 kimbilia ofisini. Ila pima sehemu mbili siku moja, juu ya mgodi na chini ya mgodi, andika saa, andika kama mvua ilinyesha, piga picha chupa ikiwa pale pale mtoni. Ukipima chini tu utaambiwa mto wenu ndo ulivyo toka enzi za babu, na hutakuwa na cha kujibu.

Mto Ngaka unaingia Ruhuhu na Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa. Maana ake mvuvi wa Lituhi anayetafuta usipa na mbasa ni jirani wa mgodi hata kama hajawahi kuuona.

Dawa ipo? Ipo. Chokaa inazima asidi, mabwawa ya kutulizia tope yanashika uchafu, na kuna sehemu wameenda mbali zaidi: eMalahleni, Afrika Kusini, toka mwaka 2007 kuna mtambo unaochukua maji machafu ya migodi ya makaa, unayasafisha, na mji unayanywa. Ni gharama, ndio. Ila mtu asikwambie haiwezekani.

Ile sheria ya mita 60 inawahusu na wao au sisi tu wenye bustani za nyanya?

Inawahusu wote. Mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa hairuhusiwi shughuli ya kudumu inayoharibu chanzo. Mimi naudhika sana nikiona bibi amefyekewa mchicha wake bondeni alafu mita chache mbele kuna lundo la kifusi.

Vumbi la malori linatuua?

Polepole, na sio wote sawa. Vumbi kubwa unalolifuta mezani linaishia puani. Lile dogo kabisa usiloliona ndo linashuka kwenye mapafu. Wachimbaji wa chini ya ardhi ndo wanaougua sana mapafu meusi kwa kuvuta unga wa makaa miaka na miaka, hata hivyo mgodi wa wazi nao una vumbi la mawe lenye silika kwenye kudrili na kulipua, hilo ni baya kuliko makaa yenyewe. Mfanyakazi ana haki ya barakoa ya maana (sio kitambaa) na kupimwa afya anapoingia, akiwa kazini na anapotoka, na OSHA, yaani wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ndo wa kuwafuata. Wee uliyeacha kazi mgodini bila kupimwa kifua, kapimwe, utunze majibu.

Kwa sisi wa kando ya barabara: maturubai, spidi, boza. Basi. Lori lililofunikwa vizuri na kwenda taratibu halitupi shida kubwa. Nilipokuwa mizani kuna kampuni moja ya usafirishaji, siitaji, madereva wake walikuwa wanafunga turubai wakifika kwangu na kulifungua kona ya pili kwa sababu linapunguza mwendo, na kila mtu alikuwa anajua. Shangazi yangu alikuwa anauza maandazi pale kona, akaishia kuuza ndani ya ndoo yenye mfuniko kama anauza siri. Kwaiyo kitu cha kudai ni ukaguzi njiani na sio getini peke yake, na namba kubwa ubavuni mwa lori ili mtoto wa darasa la tatu aweze kuisoma.

Nyumba yangu imepasuka, ni baruti?

Inawezekana ni baruti, inawezekana pia ni msingi, tofali mbichi au mchwa. Utathibitishaje? Picha za kabla. Kama unaishi karibu na eneo linalotarajiwa kulipuliwa piga picha kuta zote LEO, weka gazeti au simu yenye tarehe ionekane, mwambie mtendaji agonge mhuri kwenye maelezo. Mgodi makini unafanya wenyewe huo ukaguzi wa nyumba kabla, unatangaza siku na saa ya kulipua, unapiga king'ora, na unaweka kifaa cha kupima mtikisiko. Kama kifaa hakipo kijijini kwenu, basi hata wao hawajui wametikisa kiasi gani.

Nimeambiwa nipishe, fidia inahesabiwaje?

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Wanahesabu ardhi yenyewe, nyumba, mazao na miti, posho ya usumbufu, usafiri, malazi. Hapa kwetu watu wanapunjika kwenye kahawa: mbuni uliokomaa sio sawa na mche, na mthamini akipita haraka anaandika "kahawa" tu. Tembea nae shina kwa shina, mchukue na mwanao anayejua kuandika, msaini kile mlichokiona.

Kuna mambo mawili ambayo watu hawayajui. Moja, uthamini ukiidhinishwa malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita, yakichelewa kuna riba. Pili, kwa sheria ya uthamini ya mwaka 2016 uthamini uliokaa miaka miwili bila kulipwa umekufa, unafanywa upya kwa bei mpya. Wenzetu wa Ludewa wanaoupisha mradi wa Mchuchuma na Liganga walisubiri miaka mingi, huku wakiogopa hata kuezeka upya maana waliambiwa wasiendeleze. Hiyo hali ya kukaa njia panda ndo inaumiza watu kuliko hata pesa kuwa ndogo.

Na mume usisaini peke yako. Nyumba mbili nazijua zimevunjika kwa pikipiki iliyonunuliwa siku ya fidia.

Kampuni imetujengea darasa, si tushukuru tu?

Shukuru, sisi sio watu wasio na adabu. Ila elewa kwamba sio sadaka. Sheria ya madini baada ya marekebisho ya mwaka 2017 inamtaka kila mwenye leseni atengeneze kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, ukubaliwe na halmashauri, na halmashauri ndo isimamie utekelezaji na iwaelimishe wananchi. Kwaiyo lile darasa lilitakiwa liwe kwenye karatasi kabla halijawa kwenye picha.

Unakuta kijiji kinataka maji, kampuni inaleta jezi. Kijiji kinataka mganga, wanapata jengo la zahanati lisilo na mganga. Kosa sio la kampuni peke yake, na hapa najua nitagombana na watu. Mara ngapi tumeitwa mkutano mkuu wa kijiji tukaenda watu thelathini, nusu wamekuja kwa sababu wamesikia kuna soda? Vipaumbele vinaandikwa na waliohudhuria. Kama muhtasari wa mkutano hausemi "maji kwanza" halmashauri itapanga inavyoona, na halmashauri ina kata nyingi na madiwani wengi, kila mmoja anavutia kwake.

Nikikagua mradi wa CSR, yaani huo wajibu kwa jamii, huwa naangalia vitu hivi tu: umeandikwa kwenye mpango wa mwaka gani, thamani yake iliyotajwa inafanana na bei ya dukani kwa mangi (kuna madawati yaliwahi kuandikwa bei ukasema ni ya mkongo yamenakshiwa), nani ataulipia uendeshaji kampuni ikiondoka, na kama kijiji kinachokula vumbi ndo kimepata au mradi umeenda mjini kwa sababu mjini kuna lami ya kumfikisha mgeni rasmi.

Na msikubali kuchanganyiwa mafaili. Kutengeneza barabara ambayo malori yako yameiharibu ni wajibu, kufukia shimo lako ni wajibu, kusafisha maji uliyoyachafua ni wajibu. Hivyo visiandikwe kama msaada kwa jamii. Nikikukanyaga mguu alafu nikautoa, sijakupa zawadi.

Pesa nyingine zinaingia wapi?

Kuna mrabaha unaenda serikali kuu kupitia Tume ya Madini, na kuna ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo, unaenda halmashauri. Inaonekana ndogo, ila ni ya mauzo, haingoji faida, kwaiyo hata mwaka kampuni inasema imepata hasara ushuru upo. Muulize diwani wako mwaka huu imeingia shilingi ngapi na imeenda wapi. Kama anakuzungusha, kuna taasisi inaitwa TEITI, ina sheria yake ya mwaka 2015, inatoa ripoti zinazolinganisha kampuni zimesema zimelipa nini na serikali imesema imepokea nini. Ripoti ziko kwenye intaneti bure, tatizo lake ni lugha na jedwali zinazoumiza macho. Tafuta kijana wa chuo aliyerudi likizo, mnunulie bando.

Ajira kwa wazawa ni kweli au porojo?

Ni kweli kwa kiasi, na tatizo ni aina ya kazi. Wazawa wanapata ulinzi, usafi, kushika bendera barabarani, kubeba sampuli, na wengi ni vibarua wa mkataba wa miezi. Kazi za mashine, maabara, milipuko, uhasibu zinakwenda kwa waliosoma au wenye leseni ya mitambo. Mgodi wa wazi hauajiri watu wengi kama mnavyofikiri, eskaveta moja inafanya kazi ya kijiji kizima. Pesa zaidi iko kwenye kuuza huduma: chakula, mboga, mayai, sare, kufyeka, gesti. Ila hapo mgodi unataka risiti ya EFD, namba ya mlipa kodi na kuku wale wale kila wiki, na sisi tunapeleka kuku wiki moja ya pili tuko msibani.

Mambo mengine yanayokuja na mgodi hayamo kwenye ripoti: chumba kupanda bei hadi mwalimu anakosa pa kulala, madereva wenye pesa taslimu na mabinti wa kidato cha pili, bodaboda nyingi bila leseni. Haya yanatakiwa yaingie kwenye mpango wa jamii kama darasa linavyoingia.

Wale akina mama wa Mbalawala ni kina nani?

Ni kikundi cha wanawake wa vijiji vya Ruanda na Ntunduwaro, kiliungwa mkono na mgodi, wakafanya vitu kama bustani, ususi na makaa ya kupikia yaliyosindikwa. Mimi napenda wazo la namna hiyo kwa sababu unga wa makaa ambao ungesombwa kwenda mtoni unakuwa bidhaa. STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, nao wanatengeneza yao yanaitwa Rafiki Briquettes kwa kutumia makaa ya Kiwira, ule mgodi wa mpakani na Malawi uliofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa Wachina. Hoja yao ni kupunguza mkaa wa miti, na ukiangalia misitu yetu hoja ina uzito. Ila ni makaa bado, yana moshi wake na hewa yake.

Kifusi kile kirefu kinaweza kuporomoka?

Kinaweza. Mwaka 1966 kule Aberfan, Wales, lundo la kifusi cha mgodi wa makaa lililokaa juu ya chemchemi liliteleza likafunika shule ya msingi, wakafa watu 144, kati yao watoto 116. Wenyeji walishasema kabla. Kwaiyo ukiona maji yanatoka chini ya lundo, au lina nyufa juu, au limevimba tumboni, usingoje kikao cha robo mwaka. Na kama shule iko chini yake, anza na shule.

Wakimaliza watafukia?

Wanatakiwa. Kila mgodi unatakiwa uwe na mpango wa kufunga mgodi, na sheria inadai dhamana ya pesa kwa ajili ya ukarabati wa mazingira ili kampuni ikifilisika au ikiamka usiku ikaondoka kazi ifanyike. Swali la kuuliza ni dhamana imewekwa tayari au imeahidiwa, na mara ya mwisho kiasi chake kuhuishwa ilikuwa lini, maana shimo linakua kila siku.

Kufukia vizuri kunaanza siku ya kwanza. Udongo wa juu, ule mweusi wa kulimia, unatolewa kwanza na kuwekwa pembeni peke yake. Ukishachanganywa na mawe ya chini ndo basi, hutaupata tena kwa maisha yako. Alafu unafukia nyuma huku unachimba mbele, hungoji miaka ishirini. Mwamba wenye pairaiti unazikwa chini kabisa mbali na hewa, juu unarudisha udongo, unasawazisha mteremko, unaotesha.

Na hapa sisi Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, tusijishushe. Toka karne ya 19, babu zetu walipobanwa milimani na vita vya Wangoni, walilima miteremko mikali kwa ngoro: unafyeka nyasi unazilaza kama nyavu za mraba, unazifukia kwa udongo unaouchimba katikati, unapata mashimo yanayoshika maji ya mvua na matuta yaliyojaa mbolea, maharage mwaka huu mahindi mwaka ujao. Udongo hauteremki. Wataalamu wa Japani walikuja kusomea hilo. Sasa mgodi unatafuta mshauri kutoka mbali aje awafundishe kuzuia mmomonyoko kwenye mteremko wa kifusi, wakati kuna mama wa miaka 60 kilomita chache anaujua huo ufundi kwa mikono yake! Waajiriwe hao. Nilishalisema hili kwenye kikao, watu wakacheka wakadhani natania.

Kupanda milingoti tu juu ya kifusi na kusema tumerudisha uoto, hapana. Chini yake hapaoti hata nyasi, mvua ikija inakata makorongo kama kawaida.

Dunia inaachana na makaa, sisi ndo tunaanza?

Swali gumu, nisikudanganye. Tani moja ya makaa ikiungua inatoa zaidi ya tani mbili za hewa ukaa (inazidi uzito kwa sababu kaboni inajichukulia oksijeni hewani). Kiwanda cha saruji Tanga au Mtwara kinachotumia makaa ya Ruvuma hakijapunguza hewa hiyo, kimepunguza tu safari ya meli. Kwa upande mwingine Tanzania inachangia kidogo sana kwenye hewa chafu ya dunia na waliochoma miaka mia mbili ndo wanatuhubiria. Yote mawili ni kweli.

Mimi nachukua funzo la Lamu. Kulikuwa na mpango wa mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 1,050, na mwezi wa 6 mwaka 2019 baraza la mashauri ya mazingira la Kenya likafuta leseni yake, sababu moja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa kwenye tathmini. Watu wa Lamu walishinda kwa kusoma ripoti ukurasa kwa ukurasa. Kelele zilisaidia, ila ni makaratasi yaliyobeba kesi.

Tukilalamika tuanzie wapi?

Mgodi wenyewe kwanza, dawati la mahusiano ya jamii, mdomo na barua. Kisha mtendaji wa kijiji, kata, ofisa mazingira wa halmashauri. Maji, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa. Mazingira kwa ujumla, NEMC. Usalama wa wafanyakazi, OSHA. Leseni na mipaka, ofisi ya madini ya mkoa. Ukiruka ngazi utarudishwa, hata kama una haki.

Makaa yaliyodondoka barabarani tunaweza kupikia?

Msipikie ndani, nakuomba. Makaa ghafi yakiungua bila hewa ya kutosha yanatoa hewa ya monoksaidi, haina harufu, unasinzia huamki. Kila msimu wa baridi wa mwezi wa 6 na wa 7 hapa juu mtu anaingiza jiko chumbani alalie joto. Kama umeokota, jiko liwe nje, na watoto wasiwe ndo wanaookota kati ya malori.

Shimo la zamani limejaa maji, tukipandikiza samaki je?

Nimeulizwa hili na vijana watatu wiki hii, nafurahi mnafikiria biashara. Pima pH kwanza, juu na chini kabisa kwa chupa yenye kamba na jiwe, maana juu panaweza kuwa pazuri chini pabaya. Peleka sampuli maabara ya maji wapime metali. Angalia kingo: shimo la mgodi halina ufukwe, linakatika wima, ng'ombe akiteleza hatoki na mtoto vilevile, kwaiyo uzio na ngazi vinakuja kabla ya wavu. Alafu mjue shimo ni la nani, kama leseni bado hai mtafuga samaki wa mtu. Vifaranga vya perege viwe kitu cha mwisho kununua, msianze navyo kama mlivyotaka kufanya Jumamosi.